Kishikwambi cha mwalimu: programu za kazi na za mapumziko, hatua kwa hatua

Mwalimu akipata kishikwambi kipya, siku tatu za mwanzo huwa za kupakua. Kila anayekutana naye humtajia programu yake, naye huziingiza zote: za kuandaa somo, za maswali, za kuchora, kamusi nne, vikokotoo viwili. Baada ya mwezi skrini imejaa vijipicha arobaini, hifadhi inalalamika, na kinachofunguliwa kila siku ni WhatsApp na YouTube. Kifaa hakina kosa. Alianza na programu kabla ya kujiuliza ni kazi gani hasa inayomla muda.

Hapa tutaanzia upande wa pili, kwenye kazi, na programu zitafuata.

Hatua ya 1: Andika kazi zako

Chukua karatasi. Ndiyo, karatasi. Kwa siku tano za kazi, andika kila shughuli inayokuchukua zaidi ya robo saa ukiacha kufundisha kwenyewe. Kukokotoa wastani. Kunakili majina ya darasa kwa mara ya sita. Kutafuta mtihani wa mwaka juzi. Kuandika maswali ubaoni huku nusu ya darasa ikipiga soga. Mbele ya kila shughuli weka mambo mawili: dakika ulizotumia, na kama mahali unapoifanyia pana intaneti ya uhakika.

Safu hiyo ya intaneti itakuamulia mengi. Programu nzuri ajabu inayotaka mtandao kila sekunde ni mzigo katika darasa ambamo mtandao unaingia na kutoka. Wiki ikiisha, zungushia duara kazi tatu zilizokula dakika nyingi zaidi. Hizo ndizo za kutafutiwa programu kwanza, nyingine zingoje zamu yake.

Hatua ya 2: Tayarisha kifaa chenyewe

Ni kazi ya nusu saa na wengi huiruka. Weka nenosiri la kufungulia skrini, maana kifaa hiki kitabeba alama za watoto wa watu. Washa huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea; iPad na Android zote zinayo ndani ya mipangilio, na haikusaidii ukiikumbuka baada ya kifaa kupotea. Masasisho ya programu yaruhusu kwa Wi-Fi pekee, ili bando lako lisiishe usiku ukiwa umelala.

Fungua akaunti mbili za barua pepe, moja ya kazi na moja ya kwako. Sababu si usafi tu. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, Google Drive na picha. Ukichanganya kila kitu, siku video za sherehe zitakapojaza nafasi hiyo, barua za kazi nazo zitaacha kuingia.

Jambo la mwisho ni kibodi. Gboard ya Google inakubali Kiswahili kwa kuandika, na tangu 2017 hata kwa kuongea. Ongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha za kibodi, la sivyo kishikwambi kitaendelea "kusahihisha" maneno yako kuwa Kiingereza. Kuandika kwa sauti kunafaa sana kwa maoni ya ripoti za wanafunzi: unasema sentensi mbili, unarekebisha neno moja, unahamia kwa mwanafunzi mwingine.

Kabla ya kusakinisha programu yoyote, iulize maswali matatu. Je, inafanya kazi bila mtandao? Je, kazi yangu naweza kuitoa humo kwa PDF au jedwali, au imefungwa ndani milele? Na je, anayeilipia ni nani: mimi, matangazo, au taarifa za wanafunzi wangu? Kwa swali la tatu, soma sehemu ya faragha kwenye ukurasa wa programu dukani. Apple ilianza kuionyesha mwishoni mwa 2020 na Google mwaka 2022. Kikokotoo kinachoomba kusoma majina ya watu kwenye simu yako hakina nia ya kukokotoa tu.

Hatua ya 3: Alama, mahali panapookoa saa nyingi kuliko pote

Kama utafanya hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Huhitaji programu maalumu ya alama. Unahitaji lahajedwali, yaani Majedwali ya Google au Microsoft Excel. Zote ni za bure kwenye kishikwambi, ila Excel ina sharti ambalo wengi hugundua wamechelewa: kwenye skrini inayozidi inchi 10.1, kuhariri kunahitaji usajili wa kulipia. Pima skrini yako kwanza.

Tuseme una wanafunzi 45, majaribio mawili na mtihani mmoja. Mstari wa kwanza ni wa vichwa. Safu ya A weka majina, B jaribio la kwanza, C jaribio la pili, D mtihani. Wanafunzi watakaa kuanzia mstari wa 2 hadi wa 46. Kisha:

Katika E2 andika =SUM(B2:D2), hiyo ni jumla.

Katika F2 andika =AVERAGE(B2:D2), huo ni wastani.

Katika G2 andika =RANK(F2,$F$2:$F$46), hiyo ni nafasi.

Gusa kila kisanduku cha fomula, kinakili, chagua safu hiyo hadi mstari wa 46, bandika. Umemaliza. Alama za dola ndizo zinazoizuia orodha ya kulinganishia isiteleze unapobandika. Ukizisahau, mwanafunzi wa mwisho atajikuta analinganishwa na nafsi yake na kushika namba moja. Kama kishikwambi kinakataa mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato. Inategemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya lahajedwali.

Sasa mambo yanayowakwaza watu. Mwanafunzi ambaye hakufanya jaribio, kisanduku chake kiache wazi. Usiandike sifuri. AVERAGE inaruka kisanduku kitupu lakini sifuri inaihesabu, na tofauti hiyo inaweza kumshusha mtoto aliyekuwa mgonjwa kwa alama ishirini. Kama hakufanya hata moja, wastani utaleta kosa la #DIV/0! na kuchafua nafasi za wenzake; badala yake tumia =IFERROR(AVERAGE(B2:D2),"") na kosa litabaki kwenye nafasi yake peke yake. Wawili wakilingana, RANK huwapa nafasi moja na kuruka inayofuata: wakiwa wa tatu wote wawili, hakuna wa nne. Ndivyo inavyotakiwa, ila jiandae kumweleza mzazi.

Na kama mtihani una uzito kuliko majaribio, kwa mfano asilimia 60 dhidi ya 20 na 20, fomula ni =B2*0.2+C2*0.2+D2*0.6. Hapa angalia: kisanduku kitupu kinageuka sifuri bila kukuarifu. Kila fomula ina tabia yake, na mwalimu asiyeijua tabia hiyo atatoa matokeo nadhifu yenye makosa.

Gandisha mstari wa kwanza na safu ya majina ili visipotee unaposogeza skrini. Kwenye Majedwali ya Google, fungua menyu ya faili na uwashe chaguo la kupatikana nje ya mtandao. Kisha, mwisho wa kila mwezi, toa nakala ya PDF na nyingine ya jedwali, uzihifadhi mahali pengine. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kufuta faili ya muhula mzima nikidhani ni nakala ya zamani, nikaondoa na kwenye kapu la taka kwa sababu napenda mambo safi. Wikendi nzima ilikwisha nikiingiza alama upya kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, ambao kwa bahati walikuwa watunzaji kuliko mimi.

Hatua ya 4: Karatasi ziingie ndani

Kishikwambi ni skana. Adobe Scan ni ya bure na hutambua maandishi ya chapa, kwa hiyo mtihani uliopigwa picha unaweza kutafutwa kwa neno. Kwenye Android, Google Drive yenyewe ina kitufe cha kamera kinachogeuza karatasi kuwa PDF; kwenye iPad, programu ya Notes iliyokuja na kifaa inafanya hivyo hivyo. Chagua moja, usikusanye tatu.

Ufundi uko kwenye mwanga. Weka karatasi nyeupe juu ya kitu cheusi ili programu ione kingo. Simama ili mwanga wa dirisha utoke ubavuni. Ukitoka nyuma yako kivuli chako kitaangukia ukurasa. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha darasa, kisha somo. Faili zitajipanga zenyewe, na mtihani wa mwaka juzi utaupata kwa sekunde kumi.

Kuhusu kusahihishia kwenye skrini, nitasema ninachoamini. Kama wanafunzi wameandika kwenye karatasi, kalamu nyekundu bado ina kasi kuliko kishikwambi. Kupiga picha rundo la karatasi ili uzisahihishe kwa kalamu ya skrini ni kujitafutia kazi. Lakini kama kazi zimekuja kwa barua pepe au Google Classroom, basi Xodo itakuruhusu kuandika juu ya PDF kwa kidole au kalamu na kuirudisha ikiwa na alama za vema na maoni. OneNote ya Microsoft inafaa kwa maandalio ya somo kwa sababu kurasa zake hazina mwisho: unaweza kuandika, kuchora mchoro kwa mkono na kubandika picha ya ukurasa wa kitabu mahali pamoja. Goodnotes ni nzuri zaidi kwa mwandiko, ila toleo la bure lina kikomo cha madaftari. Mwenye Samsung ana Samsung Notes tayari, hana haja ya kutafuta.

Hatua ya 5: Darasani, kifaa kimoja kwa wanafunzi wengi

Miongozo mingi hudhani kila mwanafunzi ana kifaa chake. Kahoot!, programu ya mashindano ya maswali ambayo ni maarufu na ya kuchangamsha, inaenda vizuri wanafunzi wakiwa na vifaa au wakikaa vikundi vyenye kifaa kimoja kimoja. Darasa ambalo mwenye kifaa ni mwalimu peke yake linahitaji kitu kingine, nacho kipo: Plickers.

Inafanya kazi hivi. Unafungua akaunti, unaingiza orodha ya darasa, na kila mwanafunzi anapewa namba ya kadi. Kadi unazipakua bure kama PDF na kuzichapisha. Kuna seti ya kadi 40 na nyingine ya 63. Kila kadi ina umbo la miraba mieusi lisilofanana na la kadi nyingine, na pande zake nne ni A, B, C na D. Unasoma swali, mwanafunzi anageuza kadi ili jibu lake liwe juu, anainyanyua, nawe unapitisha kamera ya kishikwambi polepole mbele ya darasa. Majina yanajitokeza kwenye skrini, nani kapata na nani kakosa. Herufi za pembeni ni ndogo na kila kadi ni tofauti, hivyo kumwibia jirani ni kazi ngumu. Zuri zaidi ni kwamba mtoto mwenye haya, ambaye hanyooshi mkono mwaka mzima, anajibu kila swali bila mtu kumsikia.

Chapisha kadi kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, na usizifunike kwa plastiki ya kumetameta, maana mwanga ukidunda kamera haioni. Wafundishe wanafunzi wasifunike miraba kwa vidole. Uzipe kadi dakika mbili, si zaidi, vinginevyo zinageuka pepeo. Plickers inahitaji intaneti, lakini ni kishikwambi chako tu kinachoihitaji.

Kwa hisabati, GeoGebra haina mpinzani wa bure. Ilianza mwaka 2001 kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, na programu yake ikishasakinishwa inachora grafu bila mtandao. Andika y = ax + b, uache programu itengeneze vitelezi vya a na b, kisha mwachie mwanafunzi akitelezeshe kimoja na wenzake watabiri mstari utaelekea wapi kabla haujasogea. Kutabiri kwanza ndiko kunakofundisha; wakiuangalia tu mstari ukicheza, wataondoka wamefurahi na mikono mitupu.

Kwa sayansi kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001. Ni maabara za kwenye skrini: saketi za umeme, mizani, gesi, mawimbi. Kwenye tovuti yake ni bure kabisa. Programu ya kishikwambi ni ya kulipia mara moja, na unacholipia hasa ni uwezo wa kuzitumia zote bila mtandao. Shule isiyo na maabara, au yenye maabara isiyo na umeme, iulizie hiyo kwanza.

Maktaba ya kubeba ni Kiwix. Hupakua Wikipedia nzima ya lugha unayotaka, Kiswahili kikiwemo, na kuihifadhi ndani ya kifaa. Toleo la Kiswahili ni dogo kiasi cha kuingia kwenye vishikwambi vingi. La Kiingereza lenye picha zote litameza hifadhi yako, kwa hiyo chagua toleo lisilo na picha. Kolibri ya shirika la Learning Equality inakwenda mbali zaidi: inakusanya video, mazoezi na vitabu, na kifaa kimoja kinaweza kuvigawa kwa vifaa vya jirani bila intaneti. Kuiandaa kunataka subira ya siku mbili tatu.

Kuhusu projekta, neno la tahadhari. Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Vishikwambi vingi vya bei ya chini vina tundu hilo kwa chaji na faili tu, na waya wa HDMI utakaonunua utabaki pambo. Soma maelezo ya kifaa kabla ya kununua waya. Kama projekta haipo, skrini ya inchi 10 inatosha watoto watano wakikaa nusu duara. Panga vituo: kundi moja kwenye kishikwambi, mengine kwenye kazi za karatasi, zamu ya dakika kumi.

Unapowakabidhi wanafunzi kifaa, kifungie kwenye programu moja. Kwenye iPad, washa Guided Access ndani ya mipangilio ya ufikivu, fungua programu unayotaka, bonyeza kitufe cha juu au cha nyumbani mara tatu. Kwenye Android, ingia mipangilio, andika "bandika" au "pin" kwenye kisanduku cha kutafutia, uwashe kubandika programu, na ulazimishe nenosiri la kutokea. Ujumbe wa WhatsApp ukiwaibukia wanafunzi katikati ya somo la usanisinuru, somo limekwisha. Zima arifa pia.

Hatua ya 6: Wazazi, picha za watoto na akili mnemba

Hapa nitapita haraka. Google Classroom inafaa kukusanya kazi, ClassDojo kuwasiliana na wazazi wa watoto wadogo, na kama wazazi wako wote wako kwenye WhatsApp, usiwahamishe bila sababu. Ila weka saa za kujibu na uzitangaze. Picha za wanafunzi zisikae kwenye albamu yako binafsi inayojipakia winguni. Zipige zikiwa na sababu, kwa ruhusa, na zifute zikimaliza kazi.

Programu za akili mnemba kama ChatGPT na Gemini ni wasaidizi wazuri wa kutunga maswali ya viwango vitatu kutoka kwenye aya moja uliyoipa. Zinakosea pia, tena kwa kujiamini, hasa kwenye hesabu za hatua nyingi na majina ya watu. Fanya kila swali mwenyewe kabla halijafika ubaoni. Na jina la mwanafunzi, alama zake au hali yake ya nyumbani lisiandikwe humo hata siku moja.

Hatua ya 7: Tenga chumba cha mapumziko

Kishikwambi kile kile kilichokuchosha mchana ndicho utakachokishika jioni, na ukikifungua usome hadithi utakuta kazi 12 hazijasahihishwa zinakutazama. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta programu za burudani, jenga ukuta. Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja: nenda kwenye mipangilio ya mfumo, ongeza mtumiaji wa pili, uingie kwa akaunti yako binafsi. Programu za kazi hazitaonekana humo, wala arifa zake. iPad ya kawaida haina watumiaji wawili, lakini tangu iPadOS 15 ya mwaka 2021 ina Focus, yaani hali maalumu za kuchuja arifa na skrini: tengeneza moja ya jioni, ichagulie ukurasa wake wa skrini wenye burudani tu, na uipangie ijiwashe saa fulani. Ni dakika kumi za kazi, nami naziona ndizo zilizobadilisha zaidi uhusiano wangu na kifaa hiki.

Ndani ya chumba hicho, anza na vitabu. ReadEra ya Android husoma faili za vitabu za EPUB na PDF bila matangazo na bila kukulazimisha akaunti. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina maelfu kwa maelfu ya vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vingi kwa Kiingereza. Kama maktaba unayotumia imejiunga na Libby, unaazima vitabu vipya kabisa kwa kadi yako ya uanachama, navyo hujirudisha vyenyewe muda ukiisha, hakuna faini. Macho yakichoka, LibriVox ina vitabu vya kusikiliza vinavyosomwa na watu wa kujitolea tangu 2005. Wasomaji wengine ni hodari, wengine wanasoma kama tangazo la kituo cha basi. Sikiliza dakika tano kabla ya kuchagua.

Mwenye kupenda sataranji asitafute mbali: Lichess, iliyoanzishwa na Thibault Duplessis mwaka 2010, haina matangazo wala sehemu ya kulipia, inaishi kwa michango. Mafumbo yake ya hatua mbili tatu yanakaa vizuri ndani ya mapumziko ya dakika kumi. Michezo mingine mingi ya "bure" imeundwa ikuvute urudi kila saa na kukulazimisha utazame tangazo. Ukigundua unafungua mchezo ili usipoteze zawadi ya leo, hapo huchezi tena, unachezewa.

Kuna burudani zinazokutoa nje ya skrini, na hizo nazipenda zaidi. Merlin ya Maabara ya Ornitholojia ya Cornell hukutajia ndege kwa picha au kwa sauti yake. Pakua kifurushi cha eneo lako ukiwa na mtandao, kisha utembee nayo bila mtandao. Stellarium inakuonyesha nyota na sayari zilizo juu yako usiku huo. Ibadilishe iwe na mwanga mwekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Zote mbili huishia kurudi darasani kwa njia ya pembeni, kwa sababu mwalimu aliyemtambua ndege asubuhi hawezi kunyamaza hadi kipindi cha saa nne.

Kwa masikio: AntennaPod kwa podikasti, ambayo hupakua vipindi ukiwa kwenye Wi-Fi usikilize baadaye, na Radio Garden inayokuwezesha kuzungusha dunia kwa kidole na kusikiliza redio za miji usiyowahi kufika. Kwa video na muziki ulio ndani ya kifaa, VLC hufungua karibu kila aina ya faili. Kwa mikono: ibis Paint au Krita kwa uchoraji kwenye Android, Procreate kwa mwenye iPad aliye tayari kulipa mara moja. Snapseed itatosha kurekebisha picha. Duolingo ni nzuri kwa mazoea ya kila siku ya lugha mpya. Usiitegemee ikufundishe kuzungumza.

Na macho yenyewe? Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Punguza mwanga wa buluu usiku ukitaka, lakini kuiweka skrini kando nusu saa kabla ya kulala kunasaidia kuliko rangi yoyote.

Hatua ya 8: Ijumaa ya kupalilia

Chagua siku moja ya wiki, dakika kumi na tano. Hamisha nakala za alama na mitihani ziwe mahali patatu: ndani ya kifaa, winguni, na kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta isiyokaa mfuko mmoja na kishikwambi. Futa picha za ubao zilizokwisha kazi. Betri za lithiamu hazipendi kukaa siku nzima kwenye asilimia 100 wala kuzimika kabisa kila jioni. Kati ya 20 na 80 ndipo zinapodumu, na joto la dirisha la gari linaziua kuliko vyote viwili.

Baada ya mwezi mmoja, fungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha muda uliotumia kwenye kila programu. Ambayo hukuifungua hata mara moja, iondoe, isipokuwa Kiwix na skana, ambazo unazihitaji siku usiyoitarajia. Lakini kuondoa programu hakufuti akaunti uliyofungua humo. Kama uliingiza majina ya wanafunzi, ingia kwanza, pakua kilicho chako, futa darasa, kisha futa akaunti kwenye mipangilio ya ndani ya programu. Ndipo ushikilie kijipicha kwa kidole na kukiondoa kwenye skrini.